Jogoo Niliyemwacha kwa Mzee Wani

Kwanza mshikeni kuku vizuri, halafu tuongee. Juzi nimewaona hapo kwa jirani yangu, nyinyi vijana mliochukua kazi yangu ya kuchanja. Mmoja kakamata bawa, mwingine kakamata mguu, kuku yuko katikati anashangaa kama mnamchanja au mnamgawana. Kuku anashikwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine unabana mbawa taratibu, kichwa unakilaza kidogo upande. Tone moja jichoni. Halafu unasubiri apepese. Asipopepesa msimwongezee tone la pili eti ndiyo huduma nzuri. Subirini tu. Mnakwenda wapi?

Mimi nimestaafu. Kusema kweli magoti ndiyo yaliyostaafu, mimi nikayafuata. Nimetembea nyumba kwa nyumba, Ombaci, Omugo, mpaka kule Koboko, boksi la barafu begani, nikiwachanjia watu kuku zao dhidi ya mdondo, ule ugonjwa unaoingia banda limejaa na kutoka limebaki manyoya. Watoto walinipa jina la Mama Kuku, na hata kanisani mtu akinisalimia anaanza na habari za tetea wake aliyegoma kutaga, ndipo anauliza habari zangu.

Na Kiswahili changu msikicheke. Baba alikuwa mpishi wa kambi ya jeshi, nilikipata humo kwenye masufuria. Huku kwetu Arua, kaskazini mwa Uganda, Mlugbara akikutana na Mkakwa, au na mfanyabiashara aliyetoka Sudan Kusini, wote wanakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja amekivunja kwa upande wake. Tunaelewana vizuri sana.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Onzima, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye baiskeli ndefu. Alinifundisha kwamba maji ya kuchanganyia dawa yachemshwe, yapoe kabisa, yasiwe na hata harufu ya sabuni. Dawa isione jua. Twende mapema kabla kuku hazijafunguliwa, maana ukishachelewa kidogo utachanja miti. Na kuku aliyekwisha kuugua asiguswe, kwa sababu dawa hii inazuia, haiponyi, na akifa kesho watasema wewe ndiye uliyemuua.

Watu nao walikuwa na akili zao. Mama mmoja wa Omugo alituletea kuku watatu, mmoja kipofu, mmoja kilema, mmoja amezeeka hata hakumbuki kutaga. Wazima wote aliwafungia chumbani. Alitaka tujaribie kwa hao kwanza, wakipona ndipo alete wengine. Mwingine tulimwachia dawa aihifadhi penye baridi, naye kwa heshima akaiweka kwenye chupa ya chai, na chai ikiwa bado ndani. Na kulikuwa na babu mmoja aliyekaa kwenye foleni ya kuku wake, ilipofika zamu akainua uso na kufungua jicho lake mwenyewe. Mzee Onzima alichukua muda mrefu kumweleza kwamba yeye mdondo hauwezi kumpata. Babu aliondoka amenuna, akisema serikali inapenda kuku kuliko watu.

Lakini sheria kubwa ya Mzee Onzima ilikuwa moja: mchanjaji habebi kuku kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Nyepesi kuisema. Jaribuni kuifuata huku kwetu.

Mnajua wenyewe, mgeni wa maana hatoki mikono mitupu. Anapewa kuku, tena kuku hai, amefungwa miguu, na lazima ambebe kwa mkono wake njia nzima ili majirani waone. Kukataa ni kusema nyumba hii si kitu. Sasa mchanjaji anakuwa mgeni wa nyumba ngapi kwa siku? Ukianza kupokea, jua halijapanda vizuri baiskeli yako imekuwa soko. Na mdondo unapenda safari. Kuku mmoja anayeugua kwa ndani, ananing'inia kwenye usukani, utamwingiza mwenyewe katika kila nyumba uliyotumwa kuiokoa. Tena binadamu ni binadamu: akisikia ugonjwa umefika kijiji cha pili, kuku anayemtoa zawadi kwa moyo mweupe ni yule aliyeanza kusinzia.

Mzee Onzima alikuwa na dawa yake. Alitangaza kila mahali kwamba akigusa nyama ya kuku uso unamvimba. Watu walimwonea huruma, wakawa wanampa karanga na simsim badala yake, akanenepa. Ilikwenda vizuri miaka mingi, mpaka harusi moja pale Ediofe ambapo wenye kuku zao walimkuta nyuma ya turubai, paja mkononi na firigisi mdomoni. Alijitetea kwamba uvimbe ule ulikuwa wa kuku wa kazini tu.

Baada ya hapo ujanja huo haukufaa mtu tena. Na ndipo yakanikuta ya Koboko.

Mwanangu Amos anatengeneza pikipiki kule Koboko. Siku moja alinipigia simu kunieleza kwamba amepata msichana, jina lake Keji, na kwamba wazee wetu watakwenda kwao kuanza mazungumzo mvua zikipungua. Nikamwuliza kwao ni wapi. Akasema, "Karibu na soko, Mama, utapaona tu." Nikamwuliza yukoje. Akasema ni mzuri. Watoto wa kiume wakishasema hivyo wanaona wamemaliza habari zote.

Basi kazi ikanipeleka Koboko, kwenye nyumba zilizo nyuma ya soko. Nilikuwa na buti za mvua, na begani kuku mmoja mwenye hasira alishaniachia kumbukumbu. Nikaingia boma moja safi, limefagiwa, kuku wengi wenye afya. Mama wa pale akanisaidia kuwashika, tunachanja, tunaongea, mara akaanza kunitazama.

"Wewe iko mama ya Amos? Ile ya pikipiki?"

Nikasema ndiyo, kuku kwapani.

Mama akatoweka. Nikasikia sufuria zinagongana jikoni. Halafu akatoka msichana mrefu na maji ya kunawa, akapiga magoti kunisalimia huku macho yako chini, na hapo ndipo nikaelewa nimesimama wapi. Jamani, mama wa mwanamume haendi kwa wakwe kabla ya wazee. Na akienda, anakwenda na kitenge kipya na wanawake wenzake, si na mavi ya kuku begani. Nilitamani niingie ndani ya boksi langu nifunike.

Baba yake Keji, Mzee Wani, alikuwa dereva wa jeshi zamani. Alitoka ndani amevaa koti, na nilikuwa nimemwona muda si mrefu akiwa na fulana iliyotoboka. Mkononi ana jogoo mwekundu mwenye mkia mweusi, ambaye nilikuwa nimemchanja dakika ile ile.

"Mama," akasema, "hii iko ya mukono yako. Wewe imefika nyumba ya watu."

Sasa nisikilizeni. Nikiondoka na jogoo yule, nyumba zilizobaki zote nitaziingia naye, na jioni nitampitisha sokoni ambako kuku zilikuwa zimeanza kuanguka. Nikimkataa, nimemkataa Keji, na mwanangu atazeeka akiongea na pikipiki. Uvimbe wa Mzee Onzima nao siwezi kuutumia, kwa sababu Amos alikwisha kujisifu pale kwamba kwetu tunakula kuku kila Jumapili. Uongo mtupu.

Nikanyoosha mikono miwili, nikampokea. Nikashukuru kama inavyotakiwa, nikamsifu jogoo, mkia, kucha, kila kitu. Halafu nikamweka chini.

"Mzee, huyu sasa ni wangu," nikasema. "Lakini nimemchanja leo. Dawa inataka wiki mbili kukaa mwilini, kabla ya hapo hawezi kupita sokoni. Atakaa kwenu. Mimi nitakuja kumwona."

Mzee Wani alimtazama jogoo pale chini.

"Mimi nimepatia watu kuku toka zamani," akasema. "Hakuna mutu amerudisha."

"Sijarudisha, Mzee. Amelala tu kwenu."

"Mwanamuke anaacha kuku, anaacha nyumba."

Akaingia ndani na koti lake. Mama yake Keji ndiye aliyeniokoa. Alichana kipande cha kitenge, akamfunga jogoo mguuni ili ajulikane ni wa mkwe, akacheka: "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wewe enda kazi yako, Mama. Huyu mzee nitaongea naye." Lakini kesho yake Mzee Wani alimwita Amos, akamwambia wazee wetu wasije mpaka mama yake atakapomchukua jogoo wake.

Wiki mbili si nyingi, nilijiambia. Kumbe kabla hazijaisha mdondo ukalipuka pale sokoni, karantini ikapigwa, hakuna kuku kutoka Koboko wala kuingia. Na mimi, niliyekuwa nikizunguka kuwaelezea watu karantini, ningempakia wangu kwenye pikipiki?

"Mama, umenimaliza," Amos akaniambia.

"Umemalizwa na nani? Ungenieleza nyumba yenyewe ni ipi, si ningeiruka?"

"Sasa mimi nioe lini?"

"Muulize mdondo."

Ahadi ni ahadi. Nilisema nitakuwa naenda kumwona jogoo, nikawa naenda, kila Jumamosi, nyuma ya pikipiki ya Amos aliyekuja kunichukua Arua, na kikopo cha kumbikumbi kwa ajili ya jogoo. Mtu akinikuta njiani na kitenge kizuri akauliza kama nakwenda matangani, nilikuwa najibu nakwenda kumtazama jogoo wangu mgonjwa. Hakuwa mgonjwa, lakini ukisema mzima watu wanakuuliza zaidi.

Mara ya kwanza Mzee Wani hakutoka ndani. Mara ya pili alitoka, lakini kulalamika tu. Jogoo alikuwa amejua kwamba hachinjwi, naapa alijua, maana kuku wa mgeni si wako na huwezi kumtia kisu. Alikuwa ametawala boma zima. Mzee Wani alimwita Afande.

"Hii Afande yako haina adabu," akaniambia. "Mimi natoka choo, iko mulangoni inangoja. Mimi nimeendesha lori ya jeshi barabara ya risasi, sijarudi nyuma. Leo narudi ndani ya choo sababu ya kuku. Naita bibi yangu alete ufagio."

Mama yake Keji alikuwa amekaa pembeni anachambua mboga, mabega yanatikisika.

Jumamosi nyingine nikakuta kesi mpya. Mgeni wa ukoo alikuja, hapakuwa na jogoo mwingine wa kuchinja, tetea wote wanaatamia. Mzee Wani akachukua kisu. Mkewe akasema, "Ile iko ya mkwe." Mgeni akalishwa samaki mkavu, na huko alikokwenda anasema Wani amekuwa bahili. "Jina yangu imekufa," akaniambia, "juu ya kuku ambayo si yangu, inakula mahindi ambayo iko yangu."

Nilimsikiliza. Hiyo pia ni sehemu ya kazi, na haimo kwenye mafunzo yenu. Mtu anayekulalamikia mbele ya uso wako bado anakutaka. Alipomaliza nikamwonyesha dawa ya jogoo mkali. Usimpige teke, atadhani na wewe ni jogoo na vita havitaisha. Mbebe. Mtie kwapani, tembea naye bomani polepole, mpaka alegee. Fanya hivyo kila asubuhi.

Akafanya. Majirani walipomwona mzee mzima anazunguka nyumba yake na jogoo kwapani, wengine walimshauri mkewe ampeleke akaombewe. Na akiwa naye kwapani akaanza kumkagua, na akishamkagua yeye akawakagua na wengine. Kila Jumamosi ananiuliza jambo. Kwa nini kuku wanajipiga vumbi? Wanatoa utitiri, waongezee majivu hapo. Mwewe anachukua vifaranga, nifanye nini? Wapake rangi, Mzee, ile ya waridi, mwewe ataona kitu asichokijua. Akawapaka. Walikuwa vifaranga wa ajabu, lakini walikua. Kuku akipiga chafya ni nini? Huyo mtenge na wenzake, na asitoke hapo nyumbani, kuku mgonjwa hasafiri. Baada ya muda nikasikia anakwenda kwa watu kutazama kuku zao macho, mikono nyuma, na wanamsikiliza.

Mdondo ulipita hapo jirani. Boma la pili halikubaki na kuku hata wa dawa. Kwa Mzee Wani hakufa hata kifaranga. Hakunishukuru. Alisema tu kwamba Afande amelinda kambi. Ila siku hiyo alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, na Keji alipoleta chai, Mzee aliniambia, bila mimi kumwuliza, kwamba huyu mtoto huwa anaamka kabla ya wote.

Karantini ikaondolewa. Mzee Wani mwenyewe ndiye aliyempigia Amos: "Leta wazee yenu."

Wazee wetu na wao wakakaa chini ya turubai kutwa nzima, wakabishana juu ya ng'ombe na mbuzi kama inavyopasa, wakapatana. Mimi nilikaa na wanawake. Amos alikuwa amevaa koti linalombana, kila akipumua kifungo kinatishia kuruka. Likabaki jambo moja. Jogoo wa mama mkwe atolewe, niupokee mkono wao mbele ya watu, na Keji afuate. Bila jogoo hakuna bibi harusi, ndivyo walivyokubaliana, na sababu ya wao kukubaliana hivyo ni mimi.

Mzee Wani akaenda nyuma ya jiko kumkamata, maana hapakuwa na mwingine aliyeweza. Tukasubiri. Akarudi naye kwapani, hajamfunga miguu. Akasimama mbele yangu. Nikanyoosha mikono.

Hakunipa.

"Mama," akasema, "hii kuku imepiga chafya."

"Lini, Mzee?"

"Sasa hivi. Kule nyuma. Na wewe mwenyewe ilisema kuku mugonjwa haisafiri."

Watu wakatazamana. Nikavaa miwani yangu, kazi ni kazi. Nikamfungua mdomo, safi. Nikamtazama macho, makavu. Nikainua mkia, pakavu. Jogoo naye akaona amedhalilishwa mbele ya ukoo, akawika sikioni kwangu. Turubai zima likacheka.

"Mzee, huyu ni mzima."

"Iko na joto."

"Kuku wote wana joto."

"Macho yake iko na maji," akasema.

Macho ya jogoo nilikuwa nimeyaona. Nikainua uso nikayatazama ya kwake.

"Haigonjwi," akasema. "Ni mimi. Asubuhi mimi nalala, nasikia Keji anafungua kuku. Nikisikia ile mulango, najua kumekucha, nyumba iko sawa. Kesho nani atafungua?"

Keji alikuwa ndani na shangazi zake, na msichana siku hiyo hatoki mpaka aitwe. Akatoka. Akapiga magoti karibu na baba yake.

"Utafungua wewe, Baba. Zinakujua."

Nilikuwa na mwanangu aliyesubiri miezi, na wazee waliokodi gari, na dereva wa gari aliyekwisha kuwasha. Nikavua miwani.

"Wazee wangu," nikasema, "mchanjaji akisikia kuku amepiga chafya, hata mara moja, haondoki naye siku hiyo. Tutalala hapa."

Wajomba walinung'unika, dereva alinung'unika zaidi, Amos akanitazama kama mtu aliyeuzwa na mama yake. Lakini nani atabishana na Mama Kuku juu ya kuku? Tulilala pale, tumebanana, na mama yake Keji akanicheka mpaka usingizi ukamchukua.

Asubuhi niliamshwa na mlango wa banda. Nikachungulia. Aliyekuwa akifungua ni Mzee Wani, na ile fulana yake iliyotoboka. Kuku wakampita miguuni mmoja mmoja, na wale vifaranga wake wa waridi. Keji alikuwa amesimama kando ya jiko, mzigo wake umeshafungwa, mikono ameikunja, hamsaidii. Alimwacha amwage mahindi mwenyewe, ajaze maji mwenyewe, mpaka akamaliza.

Halafu Mzee akamchukua jogoo, akaja nilipo.

"Imepona?" nikamwuliza.

"Imepona," akasema, na akaniwekea mikononi.

Keji akaja nyuma yangu. Nilimbeba jogoo yule kwa mkono wangu mpaka kwenye gari, njia yote, majirani wakiona. Alikuwa mzito sana, na Amos aliponiomba anipokee nikamkatalia.